Mganga wa flashi

Mzee aliisoma hati yake ya kununua kiwanja mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, halafu akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili. "Mwanangu, hii ni nini? Hapa kuna a, hapa kuna b, halafu hapa kuna mhuri mdogo. Nani ameupiga?"

Nikachungulia. Kwenye sharti la tatu, pale nilipoandika herufi c ndani ya mabano, palikuwa na kile kiduara cha hakimiliki: ©. Tulikuwa tumeshaprinti nakala nne. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alikuwa amekaa kwenye benchi, mashahidi wawili wako mlangoni, na muuzaji alikuwa ameshatia sahihi. Nikamweleza mzee kwamba ni kompyuta tu, haina maana yoyote. Akaikunja hati, akairudisha mezani. Karatasi ya ardhi yenye alama asiyoielewa hawezi kuiweka sandukuni, watoto wake wakaja kugombana juu yake. Nikachapa upya nakala zote nne, bure, na watu wakapanga foleni kutia sahihi tena.

Word, programu ninayochapia hati, imepangwa hivyo tangu kiwandani. Ukiandika mabano, c, mabano, inadhani unataka hakimiliki. Mimi nilikuwa nalijua jambo hilo miaka minne na nilikuwa na ujanja wangu: naandika c, naacha nafasi, nafunga mabano, halafu narudi kuifuta ile nafasi. Siku hiyo, kwa haraka ya mwenyekiti aliyekuwa anaangalia saa, nikasahau. Kumbe dawa yenyewe ni ya dakika moja. Kwanza, ikigeuka tu, bonyeza Ctrl+Z palepale na c yako inarudi bila kupoteza kitu kingine. Pili, ukitaka isirudie milele, ingia File, Options, Proofing, halafu AutoCorrect Options. Utaona orodha ndefu. Mstari wa kwanza kabisa ni huo wa (c). Uchague, bonyeza Delete, umekwisha.

Miaka minne ya kuacha nafasi na kuifuta, wakati mstari wenyewe ulikuwa unanisubiri juu kabisa ya orodha.

Nina kibanda cha taipu na fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda, kando ya barabara ya kwenda mpakani. Baba alikuwa askari, tukakulia kambini, kwa hiyo Kiswahili ndicho nilichotukaniwa na kubembelezewa nacho. Hapa mpakani kinanilisha: wateja wangu ni madereva wa malori, akina mama wanaovusha samaki na nguo, walimu, wanafunzi wa chuo, afande wastaafu wenye barua zisizokwisha za kufuatilia pensheni. Nina kompyuta mbili za mezani, zote zilizotumika, printa moja ya leza na mashine ya fotokopi yenye umri wa kuolewa. Karibu na kibodi ninaweka kaunta buku. Kila ujanja ninaojifunza nauandika humo, na pembeni naandika ulinigharimu kiasi gani kuujua. Ule wa mzee umeandikwa: karatasi nane na heshima.

Orodha hiyohiyo ya AutoCorrect niliigeuza baadaye kuwa mtumishi wangu. Nikiandika "jyu" na kubonyeza nafasi, inatoka Jamhuri ya Uganda. "Mwk" inatoa maneno yote ya mwenyekiti wa kijiji pamoja na kata na wilaya. Ninavyo vifungu kumi na viwili vya hati za mauziano, kila kimoja kwa herufi tatu. Mteja akiniona nachapa aya nzima kwa kupiga vidole vinne anadhani nimesoma sana. Angalia tu usichague kifupi ambacho ni neno la kweli. Niliwahi kuweka "kaa" kwa jina refu la kampuni moja ya usafirishaji, halafu nikamwandikia mama mmoja barua ya kuomba kibali cha kuuza kaa la moto na mkaa. Barua ilitoka na kampuni ya malori ndani yake.

Na kwa kuwa nimegusa Kiswahili: ukiandika barua ya Kiswahili kwenye Word iliyowekwa Kiingereza, ukurasa wote unavuja damu, mistari myekundu chini ya kila neno. Wateja wanaogopa, wanafikiri nimekosea kila kitu. Bonyeza Ctrl+A kuchagua yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, uchague Kiswahili, au kama kamusi yake haijawekwa, weka tiki pale panaposema isikague tahajia. Programu za Kiswahili si jambo jipya. Tangu 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, menyu zake zote kwa Kiswahili. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu nilishazoea kusema "seivu" na pale imeandikwa Hifadhi. Sasa nasema hifadhi mwenyewe.

Kuhifadhi, basi. Mwaka wa 2016 msichana wa chuo aliniletea utafiti wake wa kumaliza shahada, umeandikwa kwa mkono, kalamu ya buluu, kurasa zimejaa mpaka pembeni. Nikachapa mchana kutwa. Juu ya dirisha palikuwa pameandikwa Document1, maana yake sikuwa nimeipa jina hata mara moja. Ukurasa wa thelathini na moja, umeme ukaenda. Kompyuta ya mezani haina betri, inazimika kama mtu aliyepigwa ngumi.

Sasa sikilizeni, kazi ile haikupotea hapo. Word huwa inaweka nakala ya dharura kila dakika kumi, hata ya faili lisilo na jina. Umeme ulirudi saa mbili usiku, mimi nimeshaenda nyumbani, na mtoto wa dada yangu ndiye aliyewasha mashine ili acheze. Akafungua Word, akaona upande wa kushoto kidirisha chenye jina la faili lililookolewa. Kinamziba. Akakifunga. Word ikamuuliza: unataka kuyaona mafaili haya baadaye, au yaondolewe? Yeye, kijana mwenye adabu na usafi, akachagua yaondolewe.

Asubuhi yake nilianza upya ukurasa wa kwanza. Msichana alikaa benchi lile la mwenyekiti siku mbili, ananisomea, mimi nachapa. Kwenye kaunta buku: siku mbili, na chai.

Tangu hapo nina tabia tatu. Faili nalipa jina kabla ya sentensi ya kwanza, kama mtoto anavyopewa jina kabla ya kutolewa nje. Zile dakika kumi nimezishusha mpaka moja, kule File, Options, Save. Na kwenye Advanced, ukiteremka sana, kuna tiki ya Always create backup copy. Ukiiweka, kila unapohifadhi, toleo la kabla ya hapo linabaki pembeni likiwa na mkia wa .wbk. Hilo la tatu watu wengi hawalijui na ndilo linaloniokoa zaidi, kwa sababu hatari kubwa kibandani kwangu siku hizi si umeme. Ni mteja anayesema "futa hiyo aya," unafuta, unahifadhi, anafika barabarani, anageuka: "Dada, ile aya irudishe."

Nilinunua UPS pia, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Ilipokuwa mpya ilinipa dakika ishirini, sasa inanipa kama saba. Zinatosha kumaliza sentensi na kubonyeza Ctrl+S, mradi printa haijachomekwa kwenye UPS hiyohiyo. Printa ya leza inapopasha moto inavuta umeme kama pasi. Niliichomeka humo mara moja na UPS ikalia kidogo na kunyamaza na kila kitu kikanyamaza nayo.

Excel, ile programu ya majedwali, nayo ina yake. Chama cha akiba cha waendesha boda boda kiliniletea orodha ya wanachama 140, majina na namba za simu, wakataka kadi. Nikachapa namba: 0772 na kuendelea. Ukibonyeza Enter, sifuri ya mbele inatoweka, kwa sababu Excel inaona namba, na kwa namba sifuri ya mbele haina thamani. Nilijua hilo. Nikafanya nilichofanya siku zote: nikachagua safu, Format Cells, Custom, nikaandika sifuri kumi, 0000000000. Namba zote zikarudi kuonekana kamili. Mweka hazina akapitisha macho kwenye skrini, akaridhika.

Kisha nikaziunganisha na kadi kwenye Word kwa Mail Merge, nikaprinti kadi zote 140 kwenye karatasi ngumu, nikaanza kukata. Kadi ya kumi na tano hivi ndipo nilipoona. Hakuna sifuri. Hata moja. Zile sifuri kumi zilikuwa vazi tu. Excel ilikuwa inaivalisha namba wakati wa kuonyesha, lakini ndani bado ni 772. Word ilipokuja kuchukua, ilichukua kilichomo ndani, vazi likabaki nyuma.

Kinachofaa ni kuiambia Excel kabla ya kuchapa namba hata moja kwamba safu hii ni maandishi: chagua safu, Format Cells, Text. Au anza kila namba na alama ya ' ambayo haitaonekana. Ikiwa umeshachapa, usirudie kazi. Tengeneza safu ya pembeni na uandike =TEXT(B2,"0000000000"), uiburute mpaka chini, na Mail Merge ichukue safu hiyo. Hapo sifuri inakuwa ya kweli. Ni hivyohivyo kwa akaunti za benki. Namba ya tarakimu kumi na tatu itajigeuza 9.03E+12 na mteja atapiga kelele. Ya tarakimu kumi na sita ni mbaya zaidi kwa sababu Excel inashika tarakimu kumi na tano tu, ya mwisho inaifanya sifuri kimyakimya, na ikishafanya hivyo hakuna vazi litakaloirudisha.

Haohao wa boda boda waliwahi kuniletea matokeo ya mpira wao. Ukiandika 3-1 unapata 3-Jan. Timu imeshinda, Excel inasema ni Januari tarehe tatu. Nilidhani ni adhabu yetu sisi wa vibanda mpaka niliposoma kwamba wanasayansi wa vinasaba duniani walishindwa vilevile: jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zinageuka tarehe kila mara, na mwaka wa 2020 kamati inayopanga majina ya jeni za binadamu ikaona heri kubadilisha majina ya jeni zenyewe. Maprofesa walichoka, wakaacha nafasi na kuifuta kama mimi.

Sasa nifike kwenye flashi, ambako sina cha kuchekesha.

Mnakijua kile kirusi cha shotikati. Mtu anachomeka flashi, anakuta folda zake zote zina kimshale kidogo pembeni, kila moja uzito wake ni kilobaiti moja au mbili, na ukiangalia nafasi, flashi inasema imejaa nusu. Mafaili yapo. Kirusi kimeyaficha na kuweka njia za mkato mahali pake; ukibofya njia hiyo, folda inafunguka kama kawaida, na kirusi kinajiingiza kwenye kompyuta kwa wakati uleule. Ndiyo maana watu wanakaa nacho wiki nzima bila kustuka.

Kuyarudisha ni rahisi na kunapendeza kutazama. Windows+R, andika cmd, Enter. Dirisha jeusi linafunguka. Tuseme flashi ni herufi G. Unaandika:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Enter. Taa ya flashi inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na folda zinajitokeza moja baada ya nyingine. Wakati mwingine zinatokea zote ndani ya folda moja isiyo na jina, nafasi tupu tu, unaibofya na kila kitu kimo. Wateja walikuwa wananishika mkono. Nilikuwa natoza elfu mbili. Stendi nzima walijua kwamba flashi ikiugua unaipeleka kwa yule dada karibu na barabara ya mpakani, na bwana mmoja wa mizigo akanibatiza mganga wa flashi. Niliipenda hiyo. Nikaprinti bango.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja mara tatu katika wiki moja ya mitihani. Mara ya kwanza nikamponya. Mara ya pili nikamwambia kompyuta ya shuleni ndiyo mgonjwa, aambie wenzake. Mara ya tatu akachoka, akanunua flashi mpya hapahapa kwangu. Niliifungua kutoka kwenye plastiki yake mbele ya macho yake, nikaichomeka, nikamnakilia mtihani wa darasa la tano, akaondoka. Baada ya saa mbili nilimwona anarudi, anatembea polepole. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Dada, kompyuta ya shule imelia mara tu nilipoichomeka. Hii flashi haijaingia mahali popote duniani isipokuwa hapa."

Nilipobaki peke yangu nikachukua flashi nyingine mpya, nikaweka humo faili moja tu, nikaichomoa, nikaichomeka tena. Faili lina kimshale. Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc kutazama kinachofanya kazi ndani ya mashine, na humo palikuwa na wscript.exe, inakimbia, ambayo mimi sikuiita. Nikaandika shell:startup kwenye Windows+R, na kwenye folda ya vitu vinavyowaka pamoja na kompyuta nikakuta kifaili cha .vbs, yaani cha amri ambazo wscript huziendesha, chenye jina la herufi ovyo. Tarehe yake ilikuwa ya miezi saba nyuma.

Miezi saba. Kila flashi niliyoiponya niliirudisha kwa mwenyewe nimeshaipaka ugonjwa upya kabla hajaichomoa. attrib inafichua mafaili tu, kirusi hakiguswi. Na wateja walikuwa wanarudi, nami nikihesabu kurudi kwao kama sifa.

Mlango ulikuwa wapi? Kompyuta ile niliinunua Kampala ikiwa na Windows na Office za kuvunjwa, zisizo na leseni, na jamaa aliyeniuzia, ili mambo yake yakubali, alikuwa amezima kinga ya virusi. Aliniambia kinga inaifanya mashine kuwa nzito. Niliona kweli ni nyepesi, nikamshukuru. Siwezi kumlaumu peke yake, kwa sababu kile kitufe chekundu cha onyo kilikuwa kwenye kona ya skrini yangu miaka miwili na mimi nilijifunza kutokukiona.

Nilifunga kibanda siku mbili. Mafaili ya wateja niliyanakili kwenye diski ya nje, nikayakagua kwenye mashine ya rafiki yenye kinga hai, kisha nikafuta kila kitu. Kompyuta moja niliiwekea Windows ya leseni na Office ya leseni, fedha ambazo zingenunua karatasi za miezi. Ya pili ikapata LibreOffice, ambayo ni bure kihalali. Inafungua mafaili ya Word vizuri, ila majedwali yanaweza kusogea, kwa hiyo kazi ya kuprinti ikitoka huko naigeuza PDF kwanza. Mwalimu nilimrudishia elfu sita zake. Wengine sikuwajua hata majina. Bango nililishusha.

Siku hizi flashi ikiingia, haifunguliwi. Nabofya kitufe cha kulia juu yake, naikagua, nasubiri, hata kama dereva anapiga honi nje. Na kwenye dirisha la mafaili, chini ya View, nimewasha File name extensions ili kila faili lionyeshe mkia wake. Kitu kinachojiita picha huku mkia wake ni .vbs au .exe hakiguswi. Kwenye kaunta buku, safu ya gharama ya ukurasa ule niliiacha wazi.

Mengine ni madogo. Bando, kwa mfano. Nanunua gigabaiti moja, nawasha hotspoti ya simu, kompyuta inaona mtandao na kuanza kujivutia masasisho, na kabla sijamtumia mteja barua pepe moja, bando limekwisha. Na bando letu lina kodi yake ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo linauma mara mbili. Ingia Settings, Network, chagua mtandao ule wa simu, washa Metered connection. Windows itapunguza ulafi. Lakini baada ya yaliyonipata siachi hapo. Mara moja kwa mwezi nabeba mashine mpaka kwa ndugu yangu mwenye intaneti ya mwezi, inashiba masasisho usiku kucha. Ukiizuia kula nyumbani lazima uipeleke kula mahali. Moja ya mashine zangu bado ni Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ni kuukuu mno kwa Windows 11. Hiyo nimeitoa kwenye intaneti kabisa. Inachapa na kuprinti tu, haijui kwamba kuna dunia.

Na msiweke kila kitu mtandaoni. Januari 2021, wiki ya uchaguzi, intaneti ilipofungwa nchini siku kadhaa, nilikuwa na wateja ambao hati zao zote ziko kwenye barua pepe, wanakuja wanaziona kwa macho ya akili tu. Waliokuwa na nakala kwenye kompyuta yangu walihudumiwa.

Printa ikigoma, kabla ya kuitingisha tazama mambo mawili. Kama taa inapepesa na karatasi zimo, huenda faili limetoka nje likiwa na ukubwa wa Letter, ambao ni mpana kidogo na mfupi kuliko A4 yetu, na printa inasubiri karatasi ambayo hapa haiuzwi. Nilimchelewesha dereva wa mahindi saa nzima nikipuliza katriji, kumbe ankara yake ilikuwa Letter. Kwenye dirisha la kuprinti chagua ipunguzwe kuwa A4. Na kama kazi imekwama kwenye foleni, unaifuta haifutiki, fungua cmd kwa ruhusa ya msimamizi, andika net stop spooler, nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo, rudi uandike net start spooler. Mimi amri hizo nimeziandika kwenye Notepad na kuzihifadhi kama faili la .bat kwenye skrini. Ikikwama nabofya na kitufe cha kulia, Run as administrator, na mteja anafikiri nimeiombea.

Binti ninayemfundisha kazi ndiye aliyeniletea la mwisho. Nilimwona ananakili vitu vitano kutoka hati moja bila kurudi huku na huku, kisha anavibandika popote apendapo. Windows+V, akaniambia. Ukiiwasha, kompyuta inakumbuka vitu vya mwisho ulivyonakili, mpaka ishirini na tano, si kimoja tu. Ipo tangu 2018 na mimi mganga sikuijua. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne afande mstaafu aliyekuwa anajaza fomu yake mwenyewe kwenye mashine ya wateja akabonyeza vitufe hivyo kwa bahati mbaya, akaniita: "Dada, huyu mama mwenye namba hii ya kitambulisho ni nani?" Pale kwenye orodha palikuwa na NIN ya mteja wa asubuhi, na chini yake nywila ya barua pepe ya mtu mwingine.

Nikaizima kwenye mashine ya wateja. Binti alininunia mpaka chakula cha mchana, kisha tukaafikiana abaki nayo kwenye ile ya ukutani, ambako wateja hawakai. Jioni kabla ya kuzima namsikia anabonyeza Windows+V, anabofya Clear all, halafu bila kugeuka ananiuliza kama faili langu nimelipa jina.